Chumvi Shinani

Msabaha aliipigania ile miti kama mtu anayepigania shamba la babake. Na shamba la babake lilichukuliwa kweli, huko Unguja baada ya Mapinduzi, naye hadi leo anakumbuka nani alishika kamba ya kupimia na alisimama wapi. Sasa alikuwa dereva wa basi mstaafu, mkaazi wa Kingsbury, kwa Waingereza, na mbele ya nyumba zao palikuwa na kipande cha ardhi ambacho kaunsili ya mji ilitaka kukitia lami paegeshwe magari. Aliandika, akapayuka, akawasimamisha majirani mvuani, mpaka wakapewa miche ya mepo, mti wa Kizungu wenye jani kama kiganja kilichokunjuliwa. Sharti lilikuwa moja: waipande na kuitunza wenyewe. Ikifa, lami.

Mwezi wa Juni majani yakaanza kufa.

Siku ile ile Msabaha alibandika karatasi kwenye nguzo za taa: kaunsili imetupatia miche mibovu makusudi. Mkewe, Bi Raya, akamuuliza kama amekwenda kuitazama. Alikuwa hajaitazama.

Akaenda basi. Wadudu hakuwaona, wala madoa ya ukungu. Majani yalikuwa yamekauka kuanzia ukingoni kuja ndani, kama karatasi iliyochungulia moto. Akakwangua gome kwa ukucha, ndani mbichi. Udongo una maji. Na mti wa pembeni, mbele ya mlango wa Jaswant, umenawiri kama haujapata habari za msiba.

Hasira ikahama kaunsili ikapiga hodi kwa Jaswant. Huyu alikuwa Singasinga wa Kisumu, mfamasia wa zamani, na gari lake lilikosa pa kulala kila jioni. Nani mwengine angeitaka lami?

"Wako tu ndio umepona, Jaswant. Wenzako wanazika, wewe unakula kivuli."

"Kivuli gani, mzee? Mti yenyewe inanifika kifua." Jaswant alikwenda kuchukua kijiko cha bustani. "Kabla ya kunifunga, wacha tuchimbe."

Walichimba kwenye mti ulio hoi zaidi. Chini, karibu na mizizi, palikuwa na ukoko mweupe. Jaswant akautia ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi hii."

Msabaha alifungua kinywa amtaje mhalifu, kisha akakifunga. Alikumbuka siku ya kupanda. Yeye alikuwa juu ya kreti akihutubia, na Bi Raya alikuwa akipita shimo baada ya shimo, mkono mmoja ndani ya kanga. Shimo la Jaswant hakulifikia, kwani Jaswant, asiyependa hotuba, alikuwa keshapanda wake jana yake.

Alipoulizwa, Bi Raya hakuona aibu. Kwao Wete babake hakupata kupanda mnazi bila ya gao, mkono mmoja mzima wa chumvi, shimoni.

"Huu si mnazi, Raya."

"Ulisema mti. Mti gani, hukunambia. Ulikuwa unahutubu."

Douglas, bwana miti wa kaunsili, alikuwa aje kukagua Jumatatu. Msabaha akapata la kumwambia, tena zuri: kila barafu ikianguka kaunsili humwaga chumvi barabarani kuiyeyusha, basi chumvi hiyo ni yao. Nani atabisha? Jaswant alikiri kwamba hata yeye angeamini.

Bi Raya aliweka sufuria chini.

"Umri wako wote unawachukia wakubwa kwa uongo wao. Leo unakwenda kuuazima?"

Msabaha alitoka akafungua bomba.

Walimwaga maji mpaka ardhi ikawa haimezi tena, wakangoja ikauke, wakamwaga tena, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Douglas aliwakuta wamelowa. Kabla Msabaha hajapata pumzi ya kusema lolote, Bi Raya alijipiga kifua, akamwambia kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba chumvi katia yeye. Douglas akakwangua gome, akaona ubichi, akasema atangoja majira ya kuchipua ndipo aamue.

Msabaha alibandua karatasi zake nguzoni. Hakuomba radhi, kaunsili ilikuwa na madeni mengine kwake.

Miti ilipochipua, mmoja tu haukutoa jani. Lami haikuja. Msabaha aliketi mezani kuandika barua ya kudai mche mwengine, maneno makali yamejipanga tayari.

"Na uwaulize unapandwaje," akasema Bi Raya kutoka jikoni.

Akaliandika hilo kwanza.