Taa ya Manjano na Kichwa ya Chadia

Weye mama mwenye kuweka mutoto nyuma mu motoka na kufunga madirisha juu ya baridi, soma kwanza hii habari ya Kulthumu.

Kulthumu aliishia ku masomo ya primaire, na mambo ya motere hakuijua hata kiloko. Lakini mutoto yake, huyo alimujua muzuri. Chadia, wa miaka sita, alianza kushuka mu motoka ya baba yake pa mulango ya masomo na macho mazito, analia kichwa inamuluma. Mwalimu alituma karatasi: mutoto analala mu klasi. Ku dispensaire bakapima damu: malaria hakuna.

"Anakimbia tu kuandika dictée ya mwalimu," bwana yake Idrissa akacheka.

Kulthumu hakucheka. Mutoto gani anakimbia dictée na midomo mikavu vile?

Idrissa aliuza bitenge mu ville, katikati ya muji. Motoka yake alikuwa ameinunua Mokambo, ku mupaka, na aliipangusa kila asubui mbele hata ya kunywa chai. Mu mwezi ya ine, mbele ya ile karatasi ya mwalimu, taa ya manjano, ile yenye umbo ya motere, iliwaka pa tableau, mbele ya usukani. Mekanisiye moja wa pembeni ya njia alisema catalyseur, ile chombo ya kusafisha moshi, imeziba. Akaikata, akabaki nayo, na pa mafasi yake akachomea kipande ya tuyau ya chuma. Taa ikaendelea kuwaka. Akachomeka mashini yake ya kusoma kode, akabonyeza, taa ikazimika.

"Papa, motoka imepona," mekanisiye akasema.

Kisha siku chache iliwaka tena. Akafuta tena. Mara tatu vile, na mara tatu Idrissa alirudi nyumbani anapiga miluzi.

Mwezi ya sita, baridi ikaingia. Idrissa alienda na motoka Mokambo kutafuta bitenge, na Chadia akatembea na miguu ku masomo siku tatu. Siku tatu nzima kichwa haikumuluma! Alirudi anaimba, anaomba mukate ya pili. Motoka iliporudi, asubui ya kwanza tu, mutoto akatapikia viatu ya mwalimu.

"Papa Chadia, ni motoka," Kulthumu akasema.

"Motoka inaluma mutoto kichwa? Basi tuipeleke ku dispensaire, nayo bapime damu."

Na taa ilikuwa imewaka tena. Wakati Idrissa aliipeleka kwa Mwaba, mwenye garaje ku njia ya Luano, Kulthumu alipanda nyuma bila kuitwa.

Mwaba alichomeka mashini, akasoma. "P0420. Inasema moshi haisafishwe. Nani alikata catalyseur?"

Idrissa akaangalia viatu yake. "Futa tu, fundi. Niko na haraka."

"Ngoja, papa Mwaba," Kulthumu akasema. "Mbele ya kufuta: mutoto yangu akipanda hii motoka, kichwa inamuluma. Akienda na miguu, iko muzima."

"Mama Chadia, hapa tunasema mambo ya motere."

Mwaba akaondoa kidole pa mashini. "Acha aseme. Mama, mutoto anakaa upande gani?"

"Nyuma, ku kushoto."

"Na madirisha?"

"Ya nyuma tunafunga. Baridi."

"Na weye, papa? Kichwa haikulume?"

"Mi dirisha yangu iko wazi kila siku," Idrissa akasema. "Nitasalimia baclients ya bitenge na nini?"

Mwaba hakucheka. Aliwasha motere pale inje, akalowesha kitambaa, akaziba nayo mudomo ya tuyau ya moshi, nyuma. Na mukono ingine akamwanga maji ya sabuni chini ya motoka. Pale tuyau ilichomewa, povu ikavimba, ikapasuka, ikavimba tena. Akazima, akafungua mulango ya nyuma, akainua kapeti ku kushoto. Moto ya kuchomea ya ule mekanisiye ilikuwa imeyeyusha mpira yenye kuziba tundu ya chini ya motoka. Tundu ilikuwa na ukubwa kama kifuniko ya chupa, chini ya miguu ya Chadia.

"Hii moshi hauioni, na hauisikie harufu mingi," Mwaba akasema. "Inalalisha muntu. Siku moja mungefika ku masomo, mungemwita, asiamuke."

Idrissa akaikala pa pneu. Kulthumu alibaki anaangalia ile tundu, mukono pa mudomo.

Mwaba aliweka catalyseur ingine na tuyau nzima, akafunga tundu na bati, akarudilia maji ya sabuni. Hakuna povu.

"Sasa futa taa," Idrissa akasema, sauti chini.

"Hapana. Nikifuta, tutajuaje? Tembea nayo. Kama imepona, itajizima yenyewe."

Asubui tatu Kulthumu alikaa nyuma pembeni ya Chadia, madirisha yote wazi, babili bamejifunika kitenge moja, meno inagongana. Alikuwa anaangalia taa, kisha macho ya mutoto, kisha taa.

Asubui ya ine, Idrissa aligeuza ufunguo. Taa zote ziliwaka, kisha zikazimika. Na ile ya manjano pia. Chadia hakubapa nafasi ya kuisema: alianza kusema pa mulango ya nyumba, na pa masomo alikuwa hajamaliza.

"Papa, juu ya nini madame yetu ya klasi iko na viatu mupya?"

Idrissa akakohoa. Kulthumu akapandisha dirisha ya mutoto, kisha akairudisha chini kiloko, akaacha nafasi ya vidole mbili.