Balbu ya Wati Elfu

Projekta yangu ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na kwa kweli ilinitii zaidi. Ilikuwa ya chuma kitupu, nzito kama gunia la mahindi, na ndani yake kulikuwa na balbu ya wati mia tano. Kwa miaka tisa niliipakia kwenye Landrova ya idara, nikatoka Mbeya kwenda vijijini kuonyesha sinema za kilimo bora, maji safi na vyoo. Mimi ni Yohane Kalinga, Mhehe wa Iringa, fundi wa sinema. Enzi hizo niliamini hakuna kitu cha umeme kinachoweza kunishinda.

Mwaka 1977 nilipangiwa kijiji kimoja cha Usangu chenye Wasukuma wengi, watu waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Wazee wa pale walikataa sinema ya usiku kwa sababu ya fisi na kwa sababu ya vijana, na sijui walichoogopa zaidi. Basi tukaonyesha alasiri ndani ya ghala la mpunga, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Lakini bati lilikuwa na matundu, jua likapenya, na picha kwenye shuka ikawa hafifu.

Mkalimani wangu pale alikuwa Mihayo, mjumbe wa nyumba kumi. Akina mama wengi hawakukifuata Kiswahili cha sinema, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Mihayo alisimama kando ya shuka. Akiinua mkono, nasimamisha picha. Anaeleza kwa Kisukuma. Akishusha mkono, naendelea. Nilimkataza mtu yeyote kunipigia kelele za "haya, endelea", na mimi mwenyewe sikuwahi kuendelea kabla ya mkono kushuka. Niliuonea fahari utaratibu huo.

Siku hiyo tulionyesha sinema ya jembe la kukokotwa na ng'ombe. Ilikuwa imepigwa kijijini hapo hapo miaka miwili nyuma. Ilipokwisha, mama mmoja mtu mzima alinifuata, mkono mmoja akiupitisha ukutani ili asijikwae.

"Mwadila, baba," akanisalimu Kisukuma. "Wewe ndiyo mwenye sinema?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Nyamizi. Yule kijana ya ng'ombe, mwenye kofia, ni mtoto yangu. Maganga."

Nilimkumbuka kijana huyo kwenye mkanda. Anawafuata ng'ombe, mgongo umetugeukia, halafu anageuza shingo, anatutazama na kucheka. Kicheko chenyewe ni sekunde mbili.

Mihayo akanieleza yaliyobaki. Mwaka uliopita Maganga alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, shimo likamfukia. Walichimba siku nne wakakata tamaa, na shimo likawa kaburi. Mama yake hakuuona mwili wala hakuwa na picha yake hata moja.

"Mimi naona kofia tu," Nyamizi akasema. "Macho yangu inaisha. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na picha yako nayo ni giza. Kabla macho haijafunga kabisa, nataka nione uso yake mara moja. Unaweza?"

"Naweza, mama. Nitarudi na mwanga mkubwa." Hakuna aliyenitaka niape, lakini niliapa.

Nilipokwenda Iringa likizo, nilipita kwa Lea. Yeye alitunza stoo ya misheni moja, na misheni ilikuwa na projekta kubwa iliyokufa mota. Balbu yake ya akiba, ya wati elfu moja, ilikuwa bado kwenye boksi lake.

"Kamwene, kaka Yohane," Lea akanisalimu Kihehe. Aliigeuza balbu mkononi kwa uangalifu. "Nakupa, maana hapa inaliwa na vumbi tu. Lakini hii ilikuwa ya mashine kubwa, yenye feni yake kubwa. Hiyo yako ya zamani itaiweza?"

"Dada Lea, mashine nimeifungua na kuifunga mara mia."

"Sikuulizi kama unajua kuifungua."

Nilicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sikutaka kumwita mtunza stoo mkuu wangu.

Mbeya nilifanya kazi siku tatu. Kitako cha balbu kilikuwa kidogo, nikakitoa na kufunga kingine. Nikabadilisha waya, ule wa zamani usiungue. Nikapima kama jenereta inaimudu: ilimudu, ingawa ilinguruma. Feni niliisafisha na kuitia mafuta, kwa kuwa nyingine ya kuingia pale sikuipata. Nilipowasha, ukuta wa karakana uling'aa hadi nikafumba macho. Nilifurahi kitoto, nikasema peke yangu, "Mama Nyamizi, sasa njoo uone."

Likabaki jambo moja. Mkanda wa sinema unapopita haupati shida, kwa sababu kila kipande hukaa mbele ya moto wa balbu kufumba na kufumbua. Ukiusimamisha, kipande kimoja kinapokea joto lote. Kwa ajili hiyo kulikuwa na wavu wa shaba ulioshuka wenyewe nikisimamisha picha, ukaukinga mkanda. Lakini wavu ule unakula mwanga, na picha iliyosimama inakuwa ya kijivu. Nilijua kwa hakika kwamba Nyamizi angetaka mwanawe asimamishwe.

Nikautoa wavu. Nikajaribu kwa kipande cha mkanda mbovu, nikahesabu moja, mbili, tatu. Mkanda ukapinda kidogo, haukuungua. Sekunde tatu za kumwona mwanao si haba, nikajiambia. Nitahesabu.

Tulirudi Usangu mwezi wa tisa. Ghala lilijaa hadi mlangoni, maana habari ya balbu ilinitangulia, na mimi ndiye niliyeitangaza. Nyamizi aliketishwa mbele kabisa kwenye kigoda. Alivaa kanga mpya. Niliwasha, watu wakaguna kwa mshangao, na hata matundu ya bati hayakuonekana tena. Joto lilikuwa kali, magunia madirishani yalizuia hewa, na feni niliisikia ikivuta pumzi ndefu. Nilisikia, lakini nilijifanya sisikii.

Maganga akatokea nyuma ya ng'ombe wake. Nyamizi akainuka, akasogea mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja juu yake. Kijana akageuza shingo. Akacheka, meno yote nje, na uso ule ulikuwa mkubwa kuliko mama mwenyewe.

"Ni yeye," Nyamizi akasema. "Ni yeye, jamani. Simamisha!"

Mihayo akainua mkono. Nikasimamisha.

Nilihesabu moja. Nilihesabu mbili. Nyamizi alikuwa anapitisha kidole kwenye nyusi za mwanawe, taratibu, na kusema naye Kisukuma kwa sauti ndogo, na mimi nikamtazama yeye badala ya mashine. Mihayo naye alikuwa analia, na mkono wake ulibaki juu. Kwa miaka tisa sikuwahi kuendelea kabla ya mkono kushuka. Nikangoja ushuke.

Doa la kahawia likatokea shavuni. Likachemka, likafunguka kuwa tundu jeupe, na tundu likala pua, jicho na meno. Mtu akapiga ukelele. Niliruka na kusukuma swichi mbele, mkanda ukaenda kidogo ukakwama, ukaungua tena. Nikausukuma tena, ukaungua tena. Ungedhani nimetumwa kumchoma mara tatu. Nilipozima mashine, meno ya gurudumu linalovuta mkanda yalikuwa yameshachana kicheko chote, na ghala lilinuka plastiki iliyoungua.

Nyamizi hakuondoa kiganja kwenye shuka. Nikamwendea, nikaanza kumweleza habari za joto na mkanda, na kwamba ile ni picha tu.

"Usinifundishe," akasema. "Najua ni mkanda. Upo mwingine?"

"Nitaandika barua kuuliza, mama."

"Sijauliza barua. Upo?"

"Sijui."

Niliandika. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano: nakala ilikuwa moja tu, hiyo hiyo niliyokuwa nayo. Nikakata vipande vilivyoungua, nikaunganisha vilivyobaki. Sasa Maganga anafuata ng'ombe, shingo inaanza kugeuka, na hapo hapo linatokea shamba jingine na mtu mwingine anayepanda mpunga. Balbu ya Lea niliirudisha kwenye boksi. Nilirudisha ile ya wati mia tano, pamoja na wavu wake. Maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini mikono ilitaka cha kufanya.

Mwaka uliofuata nilimwomba bosi anipangie kijiji kingine. Alikataa. Nilipofunga shuka ghalani, Nyamizi alikuwa tayari kwenye kigoda chake cha mbele. Macho yalikuwa meupe kabisa. Mjukuu wake wa kike, Roza, alikuwa amemshika mkono.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ni ile ya ng'ombe?"

"Ndiyo hiyo niliyotumwa nayo. Naweza kuiacha, mama."

"Weka. Mihayo, wewe utakuwa macho yangu."

Niliweka. Picha ilikuwa hafifu kama zamani na hakuna aliyelalamika. Mihayo alichuchumaa karibu naye, akamweleza polepole: hili jembe, hawa ng'ombe, sasa anakuja.

"Ana kofia?"

"Anayo, mayu," akajibu, akimwita mama kwa lugha yao.

"Akianza kugeuka, niambie."

Mihayo alinitazama gizani. Shingo ya Maganga ikaanza kugeuka.

"Anageuka," Mihayo akasema.

Halafu likaja shamba lile jingine, na Mihayo akanyamaza. Nyamizi alingoja kidogo, uso wake ameuelekeza kwenye shuka, kisha akainua mkono wake mwenyewe, kama afanyavyo Mihayo.

Nikasimamisha. Hakukuwa na uso wa Maganga pale, ni mgeni tu ameinama kwenye matope, wa kijivu nyuma ya wavu. Hakuna aliyemwambia. Mkono wa Nyamizi ulikaa juu muda mrefu, na mkanda haukuungua, na mimi nilingoja mpaka alipoushusha.