Mzee Ravindra wa Kwenye Kioo

Msinisingizie. Sikukusudia kumwaibisha Mzee Ravindra mbele ya mteja wake. Mimi nilitaka kiti tu.

Kiti chenyewe ni cha mbele ya kompyuta pekee ya duka lake la khanga, Mtaa wa Narung'ombe. Mwaka ule wa 2002 kila mwenye duka Kariakoo alitaka tovuti, hata asiyejua kama inaliwa au inavaliwa. Mzee akatangaza: atakayetengeneza nzuri zaidi, mimi au mpwa wake Bhargav, ndiye anaajiriwa. Nikishindwa, Jumatatu narudi Masasi. Baba alikuwa ameshanitumia nauli, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Bhargav alitengeneza sinema nzima: khanga zinaruka, muziki, maua. Mimi, kwa ujuzi wa kuungaunga wa intaneti kafe, nikaandika maktaba yangu ndogo ya JavaScript, yaani mkusanyiko wa amri za kompyuta, faili jepesi la kilobaiti tisa tu. Kazi yake kutembeza picha: unaitajia picha, unaiambia iende wapi na kwa mwendo gani, inakwenda. Nikachora kikatuni cha mzee. Ukibonyeza PUNGUZA, kinatikisa kichwa, kinashika kiuno, halafu bei inateleza chini. Ukipeleka mausi juu ufunge ukurasa, kinakukimbilia: "Mama, rudi basi tuongee!" Bei inashuka tena. Miaka mitatu niliuza soksi nje ya duka lile, kwa hiyo sikubuni kitu.

Siku ya kuamua, mzee akamwita Mama Candida, mteja wake wa jumla kutoka Songea. Ya Bhargav ikaanza kufunguka kwa laini ya simu. Tukanywa chai. Ikaendelea kufunguka.

"Inakuja, inakuja," alisema Bhargav, jasho linamtoka.

"Mwanangu, na basi langu nalo linaondoka," Mama Candida akamjibu.

Yangu ilifunguka kabla hajaweka kikombe chini. Alipomwona mzee amechorwa kwenye kioo cha kompyuta, alicheka hadi kilemba kikamvuka. Akabonyeza. Kichwa, kiuno, bei chini. Akapeleka mausi juu. "Mama, rudi basi!" Wacha anogewe! Akapeleka tena, na tena.

"We! Usishuke!" Mzee wa kweli alikifokea kioo. "Hiyo ndiyo bei ninayonunulia mwenyewe!"

Wa kwenye kioo akazidi kukimbia na kubembeleza. Mungu wangu! Nilisahau kuweka bei ya mwisho.

"Zamzam! Kwa nini hukumwekea kikomo?"

"Mzee wangu, nisamehe. Sijawahi kukuona unamwacha mteja aondoke."

Bhargav akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, nami kimawazo nikaanza kufunga mabegi ya Masasi.

Mama Candida akasimama. "Nifungie marobota matatu ya khanga kwa bei hiyo hiyo. Na huyu binti niachie niende naye Songea, akatengeneze ya kwangu. Haya, unaniachia kwa kiasi gani?"

Mzee alikitazama kioo, akanitazama mimi.

"Marobota chukua, bei imeshatajwa dukani kwangu. Huyu hana punguzo." Akamgeukia mpwa wake. "Bhargav, inuka, mpishe dada yako akae."

Nikakaa haraka, kabla hajaghairi.