Mazishi ya Baiskeli

Bujiku hakuwa mcheza kamari. Alisema hivyo kila Jumapili, akiwa njiani kwenda kucheza kamari.

Alikuwa mchimba dhahabu, mtu wa Kagongwa, mwenye mke aitwaye Klara, mtoto mmoja aitwaye Mihayo, majaruba mawili ya mpunga, na shati moja la bahati ambalo hakuwa amelifua tangu Februari. Wachimbaji wa machimbo yale, mwendo wa nusu siku kutoka Buseresere, waliamini kwamba sabuni huondoa nyota ya mtu pamoja na jasho lake. Na kwa kuwa mwaka ule sabuni yenyewe haikupatikana hata kwa kibali, imani hiyo ilizidi kupata wafuasi.

Mahali pa kuchezea palikuwa nyumba ya bati ya Zamoyoni, Mzaramo wa Kisarawe aliyefika huku akiwa tandiboi wa lori la pamba, akaona hakuna haja ya kurudi. Kamari ilikuwa marufuku, kwa hiyo Zamoyoni aliandika mlangoni kwa chokaa: KAMATI YA USHIRIKA. Mtu aliyekwenda kucheza alisema anakwenda kwenye kamati, na aliyerudi mikono mitupu alisema kikao hakikwenda vizuri. Wake zao huko makwao waliandikiwa barua kwamba waume zao wamekuwa wajumbe, na wengine walijivunia.

Mchezo ulikuwa mmoja. Ukutani kulikuwa na gurudumu la ubao lenye namba moja hadi kumi na mbili, limepigiliwa misumari kuzunguka pembeni. Ulitoa vumbi lako la dhahabu, likapimwa kwenye mizani ndogo dhidi ya njiti za kiberiti, ukapewa vizibo vya soda vilivyotobolewa nyota kwa msumari ili asitokee mjanja akaokota vyake baa. Uliweka kizibo kwenye namba, Zamoyoni akalizungusha gurudumu, na kipande cha ngozi kikagonga misumari mpaka liliposimama. Ukishinda, uliongezewa vizibo. Lakini kizibo hakikugeuka tena kuwa dhahabu hata siku moja. Kiligeuka kuwa vitu: kumi kwa kilo ya sukari, ishirini kwa doti ya khanga, na mia mbili kwa baiskeli.

Baiskeli ilikuwa ya Kichina, nyeusi, mpya, ikining'inia kwa kamba mbili kwenye boriti ya paa, fremu ikiwa bado imeviringishwa karatasi za kiwandani.

Bujiku aliitaka baiskeli ile kwa sababu alikuwa mwoga. Hilo hakumwambia mtu. Mwezi wa Machi shimo la jirani, duara kama wanavyoliita wenyewe, lilimmeza rafiki yake Ngassa hadi kiunoni. Walimvuta, akatoka mzima, akacheka, akanywa chai, na kesho yake akashuka tena. Bujiku hakucheka. Tangu siku hiyo kila aliposhika kamba ya kushukia aliikagua mara mbili, na akiwa chini aliisikia miti inayozuia udongo ikilia kama mlango mkuukuu. Akiwa na baiskeli angerudi Kagongwa, angebeba mchele wa watu hadi stesheni ya Isaka na kurudi na chumvi, na asingeingia tena shimo lolote kabla ya lile ambalo kila mtu lazima aingie.

Yeye na Zamoyoni walikuwa watani. Sisemi marafiki, nasema watani. Mzaramo na Msukuma wamerithi utani tangu enzi za wapagazi, na sheria zake hazihitaji mwanasheria: mtani akikutukana, cheka, akichukua kitu chako mbele ya watu, kikomboe kwa zawadi, ukifiwa, yeye ndiye atakayekuja kufanya vituko makaburini mpaka wenye msiba wasahau kulia. Anayekasirika ameaibika yeye na ukoo wake. Kwa hiyo walisalimiana kila Jumapili kwa kuitana mtumwa wangu, kisha Zamoyoni akachukua dhahabu ya Bujiku, na wote wawili wakacheka.

Mwanzoni kamati ilikuwa na heshima zake. Chausiku, mke wa Zamoyoni, alipika pilau ya mbuzi, na mjumbe mwenye vizibo zaidi ya mia alikaa kwenye kiti chenye mgongo na kuletewa sahani ya peke yake, maini yakiwa juu. Bujiku alipita mia mwezi wa Aprili. Mgongo wake ulikizoea kiti kile kwa siku moja tu.

Mei pilau ikawa wali na maharage. Juni yakawa makande. Julai Chausiku aliingia na sinia la viazi vitamu vya kuchemsha, akatangaza kwamba nyama imekwenda semina. Agosti lilikuja birika la maji ya tangawizi yasiyo na sukari, sukari yenyewe ikapanda kutoka vizibo kumi hadi ishirini na tano, na kiti chenye mgongo kikahamia chumbani kwa Zamoyoni, ambaye alisema mgongo wake unamsumbua.

Hayo yote Bujiku aliyameza. Kilichomkaa kooni ni kile alichokiona siku alipoinua macho: baiskeli haikuwa na kengele. Alipouliza, Zamoyoni alimjibu kwamba kengele ni pambo, na Msukuma mwenye sauti kama yake hana haja nayo. Watu walicheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata Thobias, muuza dagaa, aliingia machimboni na kengele mpya inayong'aa, na kila alipoipiga Bujiku aliona uchungu wa mume anayesikia mkewe akiitwa na mwanaume mwingine.

Kisha ikaondoka taa pamoja na dinamo yake. Kisha siti. Kisha keria, na hapo Bujiku alitaka kulia, maana gunia la mchele linakaa kwenye keria. Zamoyoni alimwambia Mungu alimpa kichwa kwa kazi hiyo. Wiki mbili baadaye yakafuata matairi. Vipuri vilikuwa adimu kuliko dhahabu siku zile, na marehemu, samahani, na baiskeli, ilizidi kukonda huko juu huku bei yake ikiwa ile ile: vizibo mia mbili.

Bujiku alikuwa na mia na sitini na tatu, katika kopo la maziwa chini ya kitanda. Alilitazama kopo lile kila Jumamosi jioni na kujiuliza swali moja. Akiacha, atakuwa ametupa miezi saba ya dhahabu kwa ajili ya vyuma vya kufungia chupa. Akiendelea, atafikisha mia mbili siku ambayo darini zimebaki kamba. Kila Jumamosi aliapa kuacha. Kila Jumapili alijikuta mlangoni pa kamati, akijieleza kwamba amekuja kuangalia tu kama pedeli bado zipo.

Chausiku ndiye aliyemwonea huruma. Siku moja, akimmiminia tangawizi, aliinama na kusema kwa sauti ya chini, huku akitabasamu ili mumewe adhani ni utani.

"Shemeji, hii baiskeli tunaila. Kengele ilikuwa unga wa wiki mbili. Taa ilikuwa mafuta ya kula na ada ya mtoto. Wewe unacheza ushinde mifupa."

Bujiku alirudi kambini bila kucheza. Usiku huo hakulala vizuri, kwa hasira kidogo na kwa njaa zaidi. Asubuhi alimwendea Ngassa akaazima kwake shuka jeupe, na Ngassa alipouliza la nini, alisema ni la sanda.

Jumapili iliyofuata, saa tisa mchana, kamati ikiwa imejaa, Bujiku aliingia akilia, kopo lake la vizibo kwapani. Alilia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kweli, akimwita mama yake, kamasi zikimtoka, hata wajumbe wawili wakavua kofia. Alitandika shuka sakafuni, akaelekeza kidole juu.

"Nimekuja msibani kwa mtumwa wangu," alisema. "Marehemu ananing'inia darini miezi na miezi, anaoza kiungo kimoja kimoja, na hakuna aliyemzika. Nyie watu wa pwani hamna haya?"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Zamoyoni naye akacheka, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mtani akikuletea msiba ukacheka, umeukubali. Kabla hajafunga mdomo, Ngassa alikuwa juu ya benchi akikata kamba.

Walimshusha marehemu kwa adabu, wakamfunika. Zamoyoni alimtazama mkewe, akitegemea kwamba angalau yeye atalinda mali ya nyumba. Chausiku alifunga khanga kiunoni, akakaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kuomboleza, akimtaja marehemu kiungo kwa kiungo: kengele yake iliyokuwa tamu, taa yake iliyowaka hata katika giza totoro, keria yake iliyoondoka bila kubeba hata mtoto. Wanaume wazima walilia kwa kucheka. Zamoyoni alicheka pia, ila shingo ilikuwa imemkakamaa.

Nyuma ya nyumba wachimbaji walichimba kaburi kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, wakibishana kwa mazoea yao kama waelekee mashariki kufuata mwamba wenye dhahabu. Jeneza halikuwapo, maiti ilibebwa begani. Na walipotaka kuiteremsha, Bujiku alifanya lile ambalo watani hufanya siku zote: aliruka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka wafiwa wamtoe kwa mali.

Shimo lilifika kiunoni tu, lakini kiunoni ndipo lilipomfikia Ngassa. Aliona ukingo wa udongo, na juu yake nyuso za watu. Ilikuwa mara ya kwanza kulala ndani ya shimo akiwa na nafasi ya kufikiri, na alichofikiri ni kwamba hataki kufa hapa. Machozi yaliyomtoka sasa hayakuwa ya utani, ila hakuna aliyeona tofauti.

Zamoyoni alimwahidi kilo ya sukari. Bujiku akajigeuza ubavu, akajifanya anakoroma. Zamoyoni akaahidi mbili, kisha doti ya khanga. Mkoromo ukazidi. Watu walikuwa wakiutazama uso wa Zamoyoni, wakisubiri dalili moja tu ya hasira, na yeye alilijua hilo. Mzaramo aliyekasirikia utani wa Msukuma angesimuliwa mpaka Shinyanga mjini, na hakuna tena ambaye angekanyaga kwake.

"Unataka nini, mtumwa wangu?" aliuliza mwishowe.

"Maiti."

"Basi mchukue. Na Mungu akupe subira."

Bujiku alitoka kaburini kwa shangwe. Lakini hakuondoka. Alilichukua kopo lake la maziwa, akasema si vizuri shimo lililochimbwa lifukiwe tupu, na akamimina humo vizibo vyake mia na sitini na tatu. Vilichukua muda kumalizika. Kila kimoja kilikuwa siku yake chini ya ardhi. Ngassa alitupa vyake kumi na kimoja. Mwingine akatupa vinne. Wa tatu alitia mkono mfukoni, akafikiri.

Hapo Zamoyoni aliacha kucheka. Alikuwa mtu mwepesi wa akili, lazima tumpe haki yake. Aliona kaburi lile ni la nani: la kamati yake. Akakimbilia ndani, akarudi hadi mlango wa nyuma, karibu na gurudumu, akiwa na matairi mawili, siti na keria.

"Hivi sijaviuza bado," alisema, kwa upole wa kumtoa nyoka pangoni. "Utafanya nini na mifupa, mtani? Zungusho moja tu. Likisimama saba, namba yako ya siku zote, ondoka na vyote. Lisiposimama, niachie fremu. Dhahabu sitaki, kizibo sitaki."

Na bila kungoja jibu alinyoosha mkono ndani, akalizungusha gurudumu kwa nguvu zake zote.

"Sema ndiyo kabla halijasimama."

Ngozi iligonga misumari. Bujiku alisikia kiganja kikimwasha. Alitaka kusema ndiyo. Nisidanganye: aliitaka ndiyo ile kuliko alivyowahi kumtaka Klara, na neno lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Saba ilikuwa haijatoka wiki tatu, lazima itoke. Gurudumu lilianza kupungua mwendo, na kila mtu akageuka kulitazama.

Bujiku alishika usukani, akaanza kuondoka. Alitembea kwanza, kisha alipita pembeni ya nyumba akikimbia, rimu tupu zikikwaruza changarawe, sanda ikiburuzwa nyuma. Alikuwa amefika kwenye mihogo aliposikia kelele kubwa za watu, na hakuweza kujua kama ni za furaha au za majuto.

Thobias muuza dagaa ndiye aliyemkimbilia. Alimkuta karibu na njia ya Buseresere, akihema, macho yamemtoka kwa habari aliyobeba.

"Baba Mihayo, ngoja nikwambie limesimama wapi."

"Usiniambie."

"Hutaki hata kujua?"

"Thobias, sikiliza. Ukiniambia limesimama saba, nitarudi. Ukiniambia halikusimama saba, nitarudi vile vile. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, funga mdomo."

Thobias alifunga mdomo, kwa mkono. Bujiku akaongeza mwendo, maana alijijua: kujizuia kwake kulikuwa kwa kilomita tatu, nne kwa kubahatisha, na lori la Kahama, la kumrudisha kwao, lilikuwa Buseresere, mwendo wa nusu siku.