Mstari Katikati ya Migomba

Mwaka 1997 ofisi yetu ya maji ya Kibondo ilikuwa na kompyuta moja, na aliyeimudu ni mimi. Injinia Godson, Mchaga asiyejua kukaa chini, aliniletea picha za kijiji chetu zilizopigwa kutoka kwenye ndege mwezi Juni, zote za kijivu, akataka njia zote zichorwe mifupa yake, yaani mstari wa katikati tu. Programu hushika kinachong'aa, kama udongo mtupu wa njia, hukimega pande zote mbili mpaka ubaki uzi mmoja katikati. Mtaro wa bomba la maji ungefuata nyuzi hizo.

Niliifanya kazi hiyo bila kuwaza. Tangu tumzike mwanetu Anania, masika ile, nilikuwa nikifanya kila kitu bila kuwaza, na nikila kwa sababu ni saa ya kula.

Ndipo nikaona uzi umekatisha shamba letu la migomba, kutoka shuleni hadi barabarani. Pale hapana njia. Pana kaburi la mwanangu. Nalifagia kila asubuhi, nikimaliza naendelea kufagia mpaka chini ya migomba, sijui kuacha. Udongo umebaki mtupu, na kwenye picha unang'aa. Waombolezaji nao walikuja kutoka pande zote mbili wakakanyaga. Programu haijui msiba. Ilipitisha uzi juu ya kifua chake.

Nilipomweleza mume wangu, Venanti, aliweka jembe chini akasema niende nikamwambie injinia, maana watachimba pale.

Kesho yake Godson alikataa. Uzi haufutwi kwa mkono, alisema, picha imeshaamua, na njia ile ya mkato inapunguza urefu wa bomba. Nilimjibu nikitazama kioo cha kompyuta.

"Hiyo si njia, injinia. Ni Anania."

Kila siku huniita Mama Anania. Alivuta kiti, akakaa.

"Futa, mama."

Nikafuta. Vilibaki vipande viwili vifupi vinavyotazamana, na programu, ambayo hukata kila unywele usiofika popote, ikaviondoa pia. Ramani ikachapwa. Katikati ya migomba hapakuwa na kitu. Moyoni sikusikia lolote.

Jioni Venanti alinisubiri njiani. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtoto amenusurika.

"Amenusurika," nikasema.

Nikaketi pale pale vumbini, nikalia kwa mara ya kwanza tangu masika.