Kopo Lililofunikwa

Ukitaka kujua una tabia gani, usimuulize mumeo wala jirani. Zaa mtoto wa kike, mpe makopo matupu na mchanga, kisha simama nyuma ya dirisha usikilize. Mimi nilijijua hivyo. Nilijua kwamba nikikasirika hushika kiuno kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine, na kwamba wimbo wangu wa kila siku ni "nyie watoto mtanizeesha kabla ya wakati". Aliyenionyesha ni binti yangu wa miaka sita, tunayemwita Bosi, na jina hilo hakulipata bure.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, lakini dirisha la jikoni linatazama uani, kwa hiyo kila nikiinuka kwenda kuchungulia sufuria nawaona watoto wangu wakicheza kupikapika. Mafiga ni vipande vitatu vya tofali. Moto hakuna, nimewakataza. Wali ni mchanga, mboga ni majani. Bosi ndiye mama. Mdogo wake, Kitumbo, mwenye miaka mitatu na akili yake yote tumboni, ndiye mtoto, kwa kuwa hajaulizwa.

Siku moja nilimsikia Bosi akifoka kwa sauti yangu: "Maharage yameungua! Na yote haya ni kwa sababu ya yule mama na zipu yake." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kesho yake alikuja mteja, mama mmoja mnene kwa maneno, akidai zipu ya gauni lake nimeipachika upande. Tukabishana, tukabishana, hadi nikasikia harufu. Maharage yalikuwa yameshika chini, meusi tii. Maneno ya Bosi niliyakumbuka nikiwa nasugua sufuria, na mikono yangu ikasimama ndani ya maji.

Nikajiambia ni bahati tu. Mwanamke anayeunguza maharage mara nyingi kama mimi hahitaji mtabiri. Lakini haikupita wiki, Bosi akawa anamkorogea baba wa mchezo uji wa udongo, anasema: "Baba yenu hatafuni leo, jino linamsumbua." Siku iliyofuata mume wangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti na hajawahi kulalamika hata cheche zikimdondokea mguuni, alirudi shavu limeumuka. Nilimweleza yote huku nikimpa uji.

"Lisemwalo lipo, mama watoto," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Kama halipo, laja. Mwambie basi Bosi aseme baba yenu amejenga ghorofa."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka, ila sikuuzuia mchezo, na niseme ukweli, niliupenda. Nilizoea kusimama dirishani kila alasiri. Bosi akianua matambara yake mbio mbio, mimi kesho yake nazianua nguo mapema, mvua inanyesha kwa wengine. Akisema mgeni anakuja, naongeza kikombe cha mchele. Majirani waliniona mwenye bahati. Kitu kilichokuwa kikinitia ubaridi ni macho yake tu. Mtoto anayebuni mchezo macho yake huchezacheza, yanatafuta. Ya Bosi yalitulia, kama ya mtu anayekumbuka.

Jana nilichelewa kufika dirishani. Nilikuwa namalizia shati la sare, na nilipoingia jikoni chakula chao kilikuwa kimeshaiva. Bosi alikuwa amejifunga mgongoni mwanasesere wake wa matambara. Alimpakulia baba kopo lake, akaliweka pembeni. Akapakua kopo jingine, akalijaza vizuri, kisha badala ya kumpa Kitumbo aliyekuwa amekaa mbele yake mikono imeshanyooka, akalifunika kwa jani. Akakaa chini. Akaweka shavu kiganjani.

"Mama, na mimi?" Kitumbo akauliza.

Bosi hakumtazama.

"Mama, chakula changu."

Kitumbo akamvuta gauni, akamtikisa bega, akaanza kulia, analia kweli sasa, "Nipo, mama, nipo hapa," na dada yake anatazama mlango wa ua kupitia uso wa mdogo wake kana kwamba hapo pana hewa tu. Na sura ile ilikuwa sura yangu. Sijawahi kujiona nikiwa hivyo, lakini niliijua.

Nilitoka uani bila viatu. Nikamnyanyua Kitumbo, nikamuuliza Bosi kwa nini anamnyima mwenzake.

"Sijamnyima," alisema. "Nimemwekea."

"Nani? Yuko wapi wa kuwekewa?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye mtoto. "Sijui, mama. Ndiyo maana nimekaa."

Usiku ule mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema watoto ni watoto. Akalala. Mimi nilikaa nikisikiliza pumzi ya mwanangu wa kiume, nikaapa kwamba kesho haitanikuta nimelala.

Leo asubuhi, baba yao alipoondoka tu, nilifunga mlango wa ua. Visu nikaviweka juu ya kabati, ndoo za maji nikazimwaga, dawa ya panya nikaifukia. Moto sikuwasha, tukala mkate. Kisha nikachukua kanga, nikamfunga Kitumbo mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu, mzito kama gunia la unga, miguu inaning'inia. Alifurahi, maana alidhani amerudishiwa utoto wake. Nilishona naye mgongoni, nikafagia naye, hata chooni nilikwenda naye. Jirani alipita akaniuliza kama nimejifungua upya. Nikamwambia ndiyo, pacha wake yuko njiani.

Bosi alikuja mara kwa mara. "Mama, nisuke." Nikamwambia baadaye. "Mama, ona, mwanasesere wangu ana homa." Nikamwambia, Bosi, leo sina nafasi, kaa huko ucheze. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akinitazama mimi na mdogo wake. Baadaye akasema, "Mama, naenda kuchukua unga wangu," nami nikajibu "haya" bila kuinua macho, kwa sababu wakati huo Kitumbo alikuwa amekohoa, na mimi nilikuwa nahesabu kama ni kikohozi cha kawaida au ndicho chenyewe.

Jioni nilipika mapema. Wali na mboga, moto mdogo, Kitumbo mgongoni nimempeleka mbali na jiko kadiri mgongo ulivyoniruhusu. Nilimpakulia, nikamzungusha mbele, nikamlisha kwa mkono wangu tonge kwa tonge mpaka sahani ikabaki nyeupe. Nikaigeuza juu chini, haikudondoka hata punje. Kopo la jana lilikuwa limejaa na kufunikwa, na sahani ya mwanangu ilikuwa tupu. Nilijiona mshindi. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu, nikamfunga tena mgongoni kwa mazoea tu, nikamwita Bosi aje kula.

Hakuitika.

Nilimtafuta uani, chumbani, uvunguni. Mlango wa ua ulikuwa bado umefungwa, lakini wa barazani nilikuwa nimeuacha wazi kwa ajili ya wateja. Mume wangu alirudi akanikuta njiani naita. Hakuuliza mengi. Aliweka mkoba wake wa vifaa chini akaenda nyumba kwa nyumba, na jirani naye akashika upande wake. Mimi waliniambia nibaki, mtoto akirudi akute mtu.

Nikarudi jikoni. Chakula cha Bosi kilikuwa mezani kinapoa, nikakifunika kwa kawa. Nikaketi kwenye kigoda nikitazama mlango. Sijui nilikaa kiasi gani. Nilipotaka kufuta uso ndipo nilipogundua kwamba shavu langu limo kiganjani.

Kitumbo alijikunyata mgongoni. Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia kwa mbali, "Jana mlipocheza, wewe ulikuwa nani?"

"Dada," alisema.

"Na mtoto? Mtoto alikuwa nani?"

"Mtoto mgongoni," alisema, akanipigapiga bega kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mjinga kitu kilicho mbele yake.

Mchana kutwa nilikuwa nimembeba. Mwanamke mzima, mwenye macho, niliufunga mchezo ule mgongoni kwa kanga yangu mwenyewe nikauzungusha nyumba nzima, na yule aliyekuwa anatakiwa kulindwa nikamwambia akae huko. Nilisikia uchungu ambao sikuusikia hata nilipomzaa.

Nilimshusha Kitumbo, nikamburura mpaka uani, nikawasha taa ya nje, nikamwekea makopo yote mbele yake.

"Cheza," nikamwambia.

"Sitaki. Bosi ndiye anajua."

"Leo wewe ndiye bosi. Cheza, baba, nakuomba. Pika."

Alinitazama, akatazama makopo. Akajikuna. Kisha akasimama, akapandisha suruali yake juu ya tumbo kwa mikono miwili na kukohoa kikohozi kifupi, vile afanyavyo baba yake akiingia ndani. Macho yake yakatulia. Sikuwahi kuyaona yametulia hivyo, na nilitamani kumwambia aache. Sikumwambia.

Alimwaga mchanga koponi. Akaongeza maji mengi mno. Akakoroga kwa kijiti, akapuliza moto usiokuwepo, akajifuta macho kwa moshi. Akapakua kopo la kwanza, akaliweka upande wake wa kushoto. "Kula, dada," alisema.

Nilipiga magoti. Dada atakuwepo. Dada kesho atakula. Nilishukuru kwa sauti, nikalia, na kama mchezo ungeishia pale ningelala usingizi wa mtoto mchanga. Kitumbo akapakua la pili. "La mtoto hili." Akalionja yeye mwenyewe, akakunja uso.

Kopo moja lilibaki. Nikamuuliza, "Na la mama?"

Alilichukua, akalitazama ndani. Akaligeuza juu chini, akaliweka juu ya tofali, safi, kama chombo kisicho na mwenyewe. Hakunitazama.

"Wali umeungua," alisema kwa sauti nzito, pole pole, akiwaambia watu wawili ambao hawakuwepo. "Mnivumilie, wanangu. Baba hajui."

Nilimwita jina lake la kweli. Akapepesa macho, akaniona, akasema ana njaa tena.

Mlango wa barazani ukagongwa. Mume wangu aliingia na Bosi begani, nywele zimejaa vumbi la mbao. Bosi alikuwa amekwenda kwa seremala wa mtaa wa nyuma kuchota vumbi hilo, ndio unga wake wa kupikia, akaingia ndani ya kabati jipya la nguo akacheza humo, usingizi ukamchukua. Seremala akafunga kabati kwa ufunguo, akafunga na karakana, akaenda zake. Alirudi tu kwa sababu alikuwa amesahau simu yake, akamkuta mume wangu mlangoni akimwita mtoto. Alipofungua kabati mtoto alikuwa amelegea, hewa hakuna, rangi ya mbao imemlevya. Wakampepea mpaka akazinduka.

Nilifurahi. Nataka lieleweke hilo, kwamba nilifurahi kwa moyo wote wala sikuona kilichotolewa badala yake kuwa kikubwa. Nilimwogesha, nikamsuka huku anasinzia, nikafunua sahani yake nikamlisha hadi akakataa. Kitumbo alimalizia. Baba yao alikuwa anaongea bila kukoma, kama afanyavyo mtu aliyenusurika, akimtania Bosi kwamba ameshapata posa ya kuozwa na kabati.

Watoto walipolala wote wawili nilimwita baba yao jikoni.

"Njoo nikuonyeshe wali."

"Wali tumekula."

"Tunapika mwingine."

"Mama watoto, pumzika. Kutwa nzima umebeba mtu."

Nilikuwa nimeshapima mchele. Nikauosha mbele yake, nikamwambia aangalie maji yanavyobadilika rangi, akiona yanaanza kuwa maangavu inatosha. Nikautia sufuriani, nikasawazisha. Nikashika kidole chake, kidole kinene chenye makovu ya cheche, nikakisimamisha juu ya mchele.

"Maji yaishie hapa, kwenye kiungo cha kwanza. Wewe utataka kuongeza. Usiongeze."

Alianza kucheka. "Anakula nani wali huu?"

"Watoto."

"Watoto wameshiba."

"Chumvi nusu kijiko. Ukichemka, punguza moto. Maji yakikauka, funika, uuache. Usiukoroge, utakuwa uji. Kitumbo atakuambia ana njaa, usimpe mbichi. Bosi hapendi kusukwa kwa nguvu, umuanzie kisogoni."

Aliacha kucheka. Alinitazama usoni, kidole chake bado kimo sufuriani, wala sikukiachia.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Rudia niliyosema."

Akarudia, sauti yake imeshuka. Kuosha, kusawazisha, maji, kiungo cha kwanza, moto mdogo, kufunika, kuanzia kisogoni. Alisahau chumvi. Nikayamwaga maji, tukaanza tena.