Rekodi ya Pili

Kufika saa nne asubuhi Serah alikuwa amepiga deki sebule mara mbili, na bado Anas, mtoto wa mwajiri wake, alikuwa akilia mgongoni mwake. Madam Rania akatoka chumbani, nywele timtimu, akamrudishia Serah simu yake, ambayo hufungiwa kabatini hadi Ijumaa.

"Yalla, haya, mwambie mama yako aimbe, atume rekodi. Mtoto akilala, utaongea na nyumbani dakika kumi."

Kosa lilikuwa la Serah mwenyewe. Jana alijisifu kwamba mama yake, Selipher wa Kakamega, akiimba hakuna mtoto asiyelala. Ndivyo alivyokuwa akimlaza Charity, binti wa Serah, tangu mama mtu apande ndege kuja Jeddah. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema kazi hiyo ataachiwa nani.

Rekodi ikaja. Wimbo ulikuwa mtamu, lakini katikati Charity akakohoa, akakohoa tena, akalia. Anas akashtuka.

"Huyo mtoto atolewe," Madam akasema. "Mama arekodi tena."

Serah akapiga simu. "Mama, rudia. Mtoto asisikike."

"Mtoto gani?"

"Charity."

"Huyu ako na homa tangu jana. Hataki kushuka mgongoni. Nimpeleke wapi na mvua hii?"

"Muweke jikoni ufunge mlango. Kidogo tu, mama. Madam amesimama hapa."

"Haya," mama akasema, kama anayejibu mgeni.

Serah aliona aibu. Hata hakuuliza kama mtoto amepata dawa.

Rekodi ya pili ilikuja safi. Madam akaichukua simu ya Serah, akaihamisha rekodi kwenye simu yake mwenyewe, akaiweka kando ya kitanda cha mtoto ijirudie. Anas akalala. Ila wimbo ulipokaribia kwisha, kwa mbali, nyuma ya mlango, kitu kilikohoa.

"Nini hicho?"

Serah akaitazama simu yake mkononi mwa Madam. Dakika kumi.

"Mbuzi, madam. Mama anafuga mbuzi."

Madam akacheka. "Halas, basi, amelala. Usipige sasa, utamwamsha. Ijumaa."

Kabati likafungwa kwa ufunguo. Wimbo ukaanza upya, na Serah akabaki amesimama kando ya kitanda cha Anas, akimngoja yule mbuzi akohoe.